Nimevuka feri tangu utotoni, Ngomeni sikuwahi kuingia

MIMI ni mtoto wa Likoni. Feri naijua kama chumba chetu: msukumano wa asubuhi, honi, mikokoteni, akina mama na ndoo za samaki. Lakini Disemba iliyopita binamu yangu alikuja kutoka Kitale, akanishinda kwa ombi moja tu.

“Kaka, nipeleke Fort Jesus unieleze hadithi yake.”

Nikabaki kimya. Nina miaka 22 na sijawahi kuingia.

“Ile ni ya watalii,” nikajitetea. Akacheka. “Kwani wewe huishi hapa?”

Ukweli ni kwamba wengi wetu wa Likoni, Kisauni na Changamwe huenda kisiwani kutafuta riziki, kwenda hospitali au kununua nguo za Idi. Kutembea tu, kuangalia mji wetu? Hiyo tunawaachia wageni.

Kesho yake tukatoka. Feri haimtozi mtu wa miguu, kwa hivyo safari ilianza bure. Kutoka kivukoni tulitembea hadi Mama Ngina, bustani ya ufukweni iliyofunguliwa upya mwaka wa 2019. Hapo pia hakuna kiingilio. Tuliketi chini ya mbuyu na kachri zenye pilipili na ndimu, meli zikipita kuelekea Kilindini karibu utadhani utazigusa. Ng'ambo ya pili naiona Likoni yetu.

Kisha Ngomeni. Nilitoa kitambulisho, nikalipa kiwango cha Mkenya, ambacho ni cha chini kuliko cha mgeni. Wareno walianza kuijenga mwaka wa 1593. Waarabu wa Oman waliizingira kuanzia 1696, wakaiteka 1698, karibu miaka mitatu baadaye. Waingereza nao waliigeuza jela kuanzia 1895 hadi 1958. Ndani kuna vitu vilivyotolewa baharini kwenye meli ya Wareno iliyozama hapo mbele mwaka wa 1697. Binamu alipiga picha, mimi nikasoma kila kibao kama mwanafunzi aliyechelewa darasa.

Tukaingia Mji wa Kale kupitia Ndia Kuu. Hapo angalau nilikuwa na la kusema: “ndia” ni “njia” kwa Kimvita. Tulipita milango ya nakshi na roshani za mbao hadi Msikiti wa Mandhry, unaosemekana kujengwa mwaka wa 1570. Yaani watu walikuwa wakiswali hapa kabla Mreno hajaweka jiwe la kwanza la ngome yake.

Lakini aibu yenyewe ilinipata upande wa bara. Tulivuka daraja la Nyali, kondakta akaita, “Kengeleni! Kengeleni!” Binamu akauliza, “Kengele iko wapi?” Jina hilo nimelisikia maisha yangu yote, kengele yenyewe sikuwahi kuitafuta.

Iko hapo hapo, kando ya barabara. Mwaka wa 1875, wamishonari wa Kianglikana walianzisha Frere Town kuwa makao ya watu waliookolewa utumwani. Kengele ililia kuwaonya wafanyabiashara wa watumwa walipoonekana. Mtangazaji marehemu Leonard Mambo Mbotela alikuwa na asili ya Frere Town, na baba yake, James Mbotela, ndiye aliyeandika kitabu “Uhuru wa Watumwa”. Watu waliotolewa minyororo walianza maisha upya hapa, na sisi tunapajua kama steji tu.

Tulimalizia Haller Park, Bamburi. Zamani palikuwa machimbo ya mawe ya saruji, jangwa tupu. Mwaka wa 1971 René Haller alianza kupanda mivinje, akaleta jongoo wa kusaga majani makavu yawe udongo. Leo ni msitu wenye twiga na viboko.

Kijana mwenzangu, huhitaji pesa za mtalii. Anza na vya bure: Mama Ngina, Ndia Kuu, Kengeleni. Ngomeni nenda siku ukijaliwa, na usisahau kitambulisho. Mji usioujua utaelezwa na wengine, na hata kazi ya kuueleza wataichukua wao.

Binamu amesharudi Kitale. Jumamosi hii nampeleka mdogo wangu, ana miaka tisa. Sitaki angoje mgeni aje kumuuliza.