'New Grub Street': Riwaya ya waandishi inayowagawa wasomaji

TANGU ilipochapishwa mjini London mwaka 1891, riwaya ya New Grub Street, iliyoandikwa na Mwingereza George Gissing, haijapata kuwaacha wasomaji wake na kauli moja. Wapo waionayo kuwa picha ya kweli kabisa ya maisha ya waandishi. Wapo pia wanaoiweka kando kabla ya kuimaliza, kwa kuelemewa na huzuni yake.

Grub Street ulikuwa mtaa wa London uliosifika kwa waandishi fukara. Mwaka 1830 ulibadilishwa jina na kuitwa Milton Street, lakini jina la kale likabaki kuwa kebehi kwa uandishi wa kutafuta mkate.

Kisa chenyewe kinawakutanisha watu wawili. Edwin Reardon ana kipaji na dhamiri, ila kalamu imemkaukia. Rafiki yake, Jasper Milvain, hutamka bila haya kwamba uandishi ni biashara, na huandika kinachonunulika. Reardon anafariki katika ufukara. Milvain anamwoa mjane wake, Amy, aliyekwisha kurithi pauni 10,000.

Hapo ndipo mabishano huwa makali. Wengi humlaumu Amy kwa kukataa kumfuata mumewe alipoamua kurudia ukarani na kuhamia makazi duni. Wengine huuliza: mama mwenye mtoto mchanga angeyaendesha vipi maisha kwa fahari ya sanaa? Milvain naye ana watetezi, kwani ndiye mchangamfu kuliko wote kitabuni. Hata hivyo, utetezi huo huwa mgumu mtu afikapo kwa Marian Yule, mchumba wake, ambaye anamponyoka kwa hila baada ya sehemu kubwa ya urithi wa binti huyo, pauni 5,000, kupotea.

Lawama nyingine ni urefu. Ni lawama ya haki, lakini ina sababu. Enzi hizo riwaya ilitolewa kwa juzuu tatu, kwa bei ya shilingi 31 na nusu, ambayo msomaji wa kawaida hakuimudu. Wanunuzi wakubwa walikuwa maktaba za kuazimisha kwa ada, kama ile ya Mudie, na mwandishi alilazimika kurefusha masimulizi ili juzuu zitimie. Kazi hiyo ndiyo inayomvunja Reardon. Utaratibu huo ulianza kuporomoka mwaka 1894. Gissing mwenyewe aliuza haki zote za kitabu hiki kwa pauni 150.

Waandishi wa wakati wake nao waligawanyika. Walter Besant, mwasisi wa chama cha waandishi cha Uingereza, alikiri kwamba watu wa aina hiyo wapo. Andrew Lang akapinga, akisema kiza kimezidi. Baadaye George Orwell alikuwa miongoni mwa waliomsifu sana Gissing.

Mhusika mmoja ndiye hupendwa na karibu kila msomaji: Harold Biffen, anayeandika riwaya juu ya muuza duka wa kawaida, huku akishindia mkate. Nyumba anamopanga inaposhika moto, anajitosa ndani kuuokoa mswada wake. Kitabu kinachapishwa, wahakiki wanakidharau, na Biffen anajiua kwa sumu. Kuhusu tukio la moto, wasomaji bado wanabishana iwapo Gissing alikusudia wacheke au walie.