Kiungo Kilicholegea Hakingoji Masika

Wahenga walinena: mdharau mwiba mguu huota tende. Neno hili lafaa kuandikwa juu ya mlango wa kila banda la matrekta wilayani Kilosa. Mara nyingi trekta haliangushwi na ugonjwa mkubwa. Huangushwa na mwiba mdogo uliodharauliwa, na mmoja katika miiba hiyo ni kiungo cha usukani kilicholika, kile ambacho mafundi wetu hukiita tairodi endi.

Tutazame Rudewa, iliyo katika njia itokayo Dumila kwenda Kilosa, nchi ya mkonge, mahindi na mpunga. Hapo trekta halina mapumziko. Kabla ya masika hupasua ardhi iliyokauka ikawa ngumu kama tofali. Mvua zikishuka hukokotana na tope. Na mavuno yakiwadia hufungwa tela na kupakiwa magunia kuelekea Kimamba au Kilosa. Juu ya magunia hayo, ingawa haifai hata kidogo, mara nyingi hukaa watu. Basi wakati dereva anaposhika usukani, si jembe tu alilolishika mkononi mwake. Ameshika na roho za wenzake.

Kiungo chenyewe ni kitu kidogo cha kutosha kiganjani. Ndani yake mna tufe la chuma lililokaa katika kikombe, nalo huzunguka humo ili gurudumu la mbele lipate kugeuka huku likipanda na kushuka mashimo. Vumbi likiingia, grisi isipotiwa, na mpira wa kukinga uchafu ukipasuka, tufe na kikombe husagana. Mwanzo hulegea kidogo tu. Baadaye tufe huweza kuchomoka kikombeni. Hapo gurudumu halisikii tena amri ya usukani. Huenda litakako, na trekta huingia mtaroni au hupinduka.

Dalili zake si siri. Usukani huzungushwa kitambo kabla magurudumu hayajaitikia. Magurudumu ya mbele hutikisika barabarani, na tairi huliwa upande mmoja. Njia iliyo rahisi ya kuhakikisha ni kuwa watu wawili: mmoja auzungushe usukani kidogo kushoto na kulia, injini ikiwa imezimwa, na mwenzake aweke mkono juu ya kiungo. Kikigonga mkononi, kimekwisha. Wenye matrekta mapya ambayo usukani wake husaidiwa na nguvu ya mafuta wasijidanganye. Nguvu hiyo humfanya dereva asione ugumu, lakini haiponyi kiungo. Huficha tu ugonjwa wake.

Kazi ya kukibadili haimshindi fundi wa kijijini mwenye subira. Trekta lisimamishwe mahali palipo sawa, magurudumu ya nyuma yazuiwe kwa magogo, mbele lipandishwe kwa jeki na kuwekewa egemeo imara. Jeki peke yake isiaminiwe. Pini ya kufungia nati itolewe, nati ilegezwe bila kuondolewa yote. Kisha mkono wa chuma ulioshika kiungo ugongwe ubavuni kwa nyundo, nyundo nyingine ikiwa imeegemezwa upande wa pili, mpaka shina lijiachie. Apigaye ncha ya shina huharibu nyuzi zake, na kazi ya nusu saa huwa ya siku nzima.

Lipo jambo moja ambalo wengi hulisahau. Kabla ya kukifungua kiungo katika fimbo yake, urefu upimwe, na mizunguko ihesabiwe kinapotoka. Kipya kiingizwe kwa idadi ile ile. Fundi asisahau kwamba katika fimbo nyingi nyuzi za upande mmoja huzunguka kinyume cha zile za upande wa pili. Kazi ikiisha, apime nafasi iliyo kati ya magurudumu mawili ya mbele, kwanza upande wa mbele kisha upande wa nyuma, katika kimo cha kitovu cha gurudumu. Katika matrekta mengi nafasi ya mbele hutakiwa kuwa sawa na ya nyuma au kupungua kwa milimita chache, kama kitabu cha trekta kisemavyo. Pini iwe mpya, grisi itiwe, na baada ya siku ya kwanza ya kazi nati zikaguliwe tena.

Wako wafanyao vingine. Hukibana kiungo kwa waya, hukijazia kipande cha mpira wa tairi, au hukichomelea. Huo si ufundi. Ni kuahirisha msiba. Kiungo kilichochomelewa hakizungukii tena kikombeni, na nguvu iliyokuwa ikipokewa na tufe huhamia kwenye shina, likakatika ghafula bila hata kugonga kwanza.

Nchi yetu ilikwisha kupewa somo kubwa juu ya jambo hili. Ng'ambo ya milima ya Ukaguru iko Kongwa, ambako tangu mwaka 1947 Serikali ya Uingereza ilijaribu kulima karanga kwa mashine. Shabaha ya mpango huo mzima ilikuwa zaidi ya ekari 3,000,000. Yakaletwa matrekta mengi yaliyokwisha kutumika, mengine mabaki ya vita. Ardhi ilikuwa ngumu, vipuri havikutosha, mafundi walikuwa wachache, na madereva walifundishwa kwa haraka. Matrekta yakalala uwanjani. Mwezi wa Januari, 1951, mpango ukaachwa, na hasara ikahesabiwa kuwa zaidi ya pauni milioni 36. Sababu za kuanguka kwake zilikuwa nyingi, mvua haba ikiwa mojawapo. Lakini hakuna awezaye kukana kwamba mashine isiyo na kipuri wala fundi ilikuwa miongoni mwa hizo.

Tangu hapo yameletwa matrekta ya kila namna. Mwaka 2010 SUMA JKT ilianza kuuza yale yaliyopatikana kwa mkopo wa India, na baadaye Ursus za Poland zikaunganishwa Kibaha. Kuja kwa matrekta ni jambo jema. Lakini kila aina ina shina la unene wake na nyuzi zake, na kiungo cha hili hakiingii katika lile. Kwa hiyo anunuaye trekta na aulize mapema: kipuri chake chapatikana wapi, na kwa muda gani?

Neno la mwisho ni juu ya mamlaka. Dereva ndiye wa kwanza kusikia kiungo kikigonga, lakini mara nyingi siye mwenye neno la kusimamisha kazi. Huambiwa, "Malizia shamba hili kwanza." Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 imemtwika mwajiri wajibu wa kuweka mitambo katika hali ya salama. Wajibu huo hautimizwi kwa maneno. Kila banda liwe na daftari la ukaguzi, kila msimu uanze kwa viungo kupimwa, na kiungo kimoja cha akiba kiwekwe kabatini. Wenye trekta mmoja mmoja, ikiwa trekta zao ni za aina moja, na wachangie akiba hiyo kwa pamoja. Bei yake ni ndogo mno mbele ya tairi moja, seuze mbele ya msimu uliopotea au mguu wa mtu.

Na dereva asemapo kwamba usukani umelegea, asihesabiwe mvivu. Huyo ndiye mlinzi wa shamba na wa wenzake, na neno lake lisikilizwe siku hiyo hiyo.