Mchango wa Darasani na Malezi ya Ukarimu: Kabalagala, Kampala

Kabalagala, katika Divisheni ya Makindye, imepakana na kilima cha Muyenga chenye majumba ya matajiri. Mtoto wa mpangaji wa chumba kimoja huweza kuketi na mtoto wa mwenye nyumba. Katika darasa la namna hiyo, majina ya waliochangia fedha yanaposomwa, asiyetoa huaibika na aliyetoa hujifunza kujionyesha. Desturi ya Baganda ya bulungi bwansi, yaani kazi ya pamoja kwa manufaa ya wote, haimpimi mtu kwa mfuko wake. Watoto wakikanda kabalagala, andazi la unga wa muhogo na ndizi mbivu lenye jina sawa na la mtaa, kisha wakawapelekea wazee jirani, kila mkono umetoa. Lakini unga hununuliwa, na mpango wa elimu bila ada wa mwaka 1997 ulianzia shule ya msingi, ukaiacha chekechea kwa wazazi walewale.