Gemu ya mtandaoni ikikwama, usikimbilie kuongeza kifurushi

Kijana akilalamika kwamba gemu inakwama, ushauri anaopewa mzazi, awe Kisauni, Likoni au Changamwe, ni ule ule: panda kifurushi, toka Mbps 10 nenda 20. Hela inatoka kila mwezi, na mchezaji bado anafungwa bao huku kipa wake amesimama kama mlingoti. Kupakua gemu kunataka kasi, lakini kuicheza kwa kawaida hakumalizi hata Mbps 1. Kinachoudhi ni ucheleweshaji, yaani muda wa ujumbe kutoka kwenye kifaa chako, kufika seva na kurudi. Wachezaji huuita pingi, na hupimwa kwa milisekunde.

Anza kupima nyumbani. Kwenye kompyuta, fungua dirisha la kuandikia amri, andika ping na anwani ya ruta. Anwani hiyo mara nyingi ni 192.168.1.1, na huwa imebandikwa chini ya ruta yenyewe. Ukiona milisekunde 1 hadi 5 bila kurukaruka, ndani ni salama. Ukiona 3, mara 80, mara 200, tatizo ni Wi-Fi yako na kampuni unaisingizia bure.

Nyumba nyingi za kwetu zina kuta za mawe ya matumbawe, na ukuta mnene hula mawimbi. Wi-Fi ya 5 GHz haina msongamano, ila kuta mbili tu huichosha. Ile ya 2.4 GHz hupenya zaidi, lakini kwenye nyumba za kupanga ruta za majirani zote zimejazana humo. Ukilazimika kuitumia, jaribu chaneli 1, 6 au 11, uchague yenye majirani wachache. Kwa maoni yangu waya unashinda yote. Wa Cat5e hufika mita 100, wala haujali ukuta.

Sasa elekeza ping kwa 8.8.8.8, uiache ikiendelea, halafu mtu mwingine nyumbani apakie video. Namba zikipanda ghafla, kuna foleni ndani ya ruta, kama pikipiki iliyobanwa nyuma ya malori kwenye feri ya Likoni. Tafuta mpangilio wa QoS, uweke kikomo cha kasi kwenye asilimia 85 hivi ya kifurushi, kisha ukipe kifaa cha gemu nafasi ya mbele. Ndiyo, unapunguza kasi kusudi, na gemu inatengemaa.

Wenye PlayStation au Xbox huenda wakaambiwa NAT imebana. Washa UPnP, na ubadilishe nenosiri la ruta lililokuja nayo. Lakini kama anwani ya nje ya ruta iko kati ya 100.64 na 100.127, kampuni imewaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja, na kufungua milango kwenye ruta yako hakusaidii. Omba anwani ya umma, na uulize bei kabla ya kukubali.

Halafu kuna bahari. Kebo za SEACOM na TEAMS zilitua Mombasa 2009, ila seva za gemu nyingi haziko hapa. Mwanga ndani ya kebo husafiri kilomita 200,000 hivi kwa sekunde, na kutoka hapa hadi London ni zaidi ya kilomita 7,000 hata kebo inyooke kama uzi. Kwenda na kurudi hakupungui milisekunde 70, na njia halisi ni ndefu zaidi. Johannesburg ni chini ya kilomita 3,000. Gemu ikikuruhusu kuchagua seva, jaribu Afrika Kusini kwanza, kisha nchi za Ghuba, ushike yenye pingi ndogo.