Wingu Si Utoro

Kila muhula unapoanza, mwanafunzi wa chuo hukabidhiwa karatasi ya masharti: vipindi atakavyohudhuria, alama atakazopoteza asipohudhuria, na iwapo ataruhusiwa kufidia alichokosa. Katika masomo mengi masharti hayo hayana utata, kwani maabara hufunguliwa kwa ufunguo na ufunguo uko ofisini. Somo la falaki halina bahati hiyo. Paa la maabara yake ni mbingu, na ufunguo wake hauko mikononi mwa mhadhiri wala mkuu wa idara.

Nilipokuwa mwanafunzi, sheria ya kozi yetu ilikuwa fupi mithili ya amri ya jeshi: anayekosa zoezi la usiku apewe sufuri, wala hapana fidia. Usiku mmoja wa Novemba tulipanda juu ya paa la jengo tukakuta mawingu yametanda pembe zote. Tulisimama kwenye manyunyu kwa muda wa saa nzima, tukatia sahihi katika daftari la mahudhurio, tukaenda zetu. Kwa kuwa sheria haikuutambua usiku usio na nyota, kila mmoja wetu aliwasilisha mchoro wa sayari ya Mshtarii na miezi yake. Michoro hiyo yote ilinakiliwa kutoka kitabu kimoja. Tulipewa alama kamili. Majuma mawili baadaye anga lilitakata, lakini mwenzetu mmoja alikuwa kwao akimzika babake. Alirudi na barua ya chifu, akapewa sufuri. Hadi leo ningali najiuliza ni nani kati yetu aliyeistahili sufuri ile.

Yafaa tukumbuke jinsi miezi hiyo ya Mshtarii ilivyogunduliwa. Mnamo tarehe 7 Januari 1610, Galileo Galilei aliielekezea sayari hiyo darubini yake akaona vinyota vitatu kando yake, viwili upande wa mashariki na kimoja magharibi. Usiku uliofuata vyote vitatu vilikuwa magharibi. Tarehe 9 mbingu ilifunikwa na mawingu, naye hakuona haya kusema hivyo katika kitabu alichokichapisha mwaka uo huo. Tarehe 10 aliendelea na kazi yake, na tarehe 13 akakiona kinyota cha nne. Hakulijaza pengo la usiku wa tisa kwa kukisia. Kwa sheria ya kozi yetu, mwanazuoni huyo angalilazimika ama kudanganya ama kupoteza alama.

Hata hivyo, sisemi kwamba mlango wa fidia uachwe wazi kwa kila apitaye. Mhadhiri anayo sababu ya kuwa mkali. Wapo wanafunzi wanaougua kila usiku wa baridi, na zipo barua za daktari ambazo hazikupata kuona zahanati. Isitoshe, mbingu hairudii somo kwa ajili ya mchelewaji. Mwezi hukamilisha awamu zake kwa takriban siku 29 na nusu. Anayekosa kuuchora ukiwa katika robo yake ya kwanza hana budi kungoja karibu mwezi mzima, ilhali muhula wenyewe ni miezi michache tu. Asubuhi ya tarehe 6 Juni 2012, sayari ya Zuhura ilionekana ikimalizia kupita mbele ya jua. Aliyelala asubuhi hiyo asitaraji zoezi la kufidia, kwani tukio kama hilo halitatokea tena hadi Desemba 2117.

Basi njia ya haki ni ipi? Kwanza, sheria itenganishe kukosekana kwa mwanafunzi na kukosekana kwa anga. Aliyefika akakuta mawingu aandike saa, hali ya hewa na alichojaribu kufanya. Taarifa hiyo ipewe alama zake kwa sababu ni kweli. Pili, usiku wa akiba upangwe tangu mwanzo wa muhula. Mvua za masika hunyesha kati ya Machi na Mei, na za vuli kati ya Oktoba na Desemba; hazimshtui mtu. Wazee wa pwani walilijua hilo kwa kuitazama Kilimia, wakasema kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, na kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Itakuwaje basi idara ya falaki ipange ratiba kana kwamba Nairobi hainyeshi?

Tatu, mwenye udhuru wa kweli, awe amefiwa, ameugua au amejifungua, apewe usiku mwingine na nyota nyingine, naye apime mwenyewe. Kunakili vipimo vya rafiki si fidia. Ni wizi uliopigwa muhuri. Nne, chuo kikumbuke kwamba zoezi linalokwisha saa tano usiku lina gharama isiyoonekana darasani. Msichana aliyepanga chumba mbali na chuo, ambaye hana gari la kumfikisha nyumbani salama, hakutoroka somo. Ameogopa njia, na hofu yake ina msingi. Chuo kinachodai mahudhurio ya usiku kina wajibu wa kuwafikisha salama wanaohudhuria.

Nawe mwanafunzi, toa habari kabla ya siku yenyewe ikiwezekana, au mara tu baada ya dharura. Usingoje juma la mtihani ndipo ukumbuke msiba wa mwezi wa kwanza wa muhula. Udhuru nao huchacha ukicheleweshwa.

Masharti haya yote yanatosha katika ukurasa mmoja, na hayamwongezei mhadhiri kazi kubwa. Lililo kubwa ni funzo ambalo sheria humpa kijana kabla hajaigusa darubini. Sheria inayotuza sahihi na mchoro wa kunakili, ikamwadhibu aliyekuwa kaburini kwa babake, imekwisha kumfundisha kwamba ukweli hauna alama. Atakapohitimu na kupewa jukwaa la kupima mvua, damu au kura, tusishangae akijaza mapengo kwa kubuni.