Nguvu na Ukali: Kueleza Uasidi wa Fenoli kwa Kiswahili

Katika kueleza kemia kwa Kiswahili, neno *ukali* hubebeshwa dhana mbili zinazopaswa kutenganishwa: uwezo wa kitu kuunguza na wepesi wa molekuli kuachia protoni. Fenoli inalidhihirisha tatizo hilo. Joseph Lister aliitumia mjini Glasgow kuanzia mwaka 1865 kuzuia vidonda visioze, nayo ikigusa ngozi huiunguza. Hata hivyo, kikemia ni asidi dhaifu yenye pKa ya takribani 10. Kadiri pKa inavyopungua, ndivyo nguvu ya asidi inavyoongezeka, na tofauti ya 1 ni sawa na mara kumi.

Nguvu hiyo hutegemea kinachobaki baada ya protoni kuondoka. Oksijeni hubaki na chaji hasi. Pete ya benzeni huipokea sehemu yake na kuisambaza. Ndiyo maana fenoli huizidi nguvu ethanoli, ambayo pKa yake ni karibu 16. Kibadala, yaani atomu au kundi lililochukua nafasi ya haidrojeni kwenye pete, huweza kuupunguza au kuuongeza mzigo huo. Kundi la methili katika nafasi ya 4 husukuma elektroni kuelekea kwenye pete, na pKa hupanda hadi 10.3. Kundi la naitro katika nafasi hiyohiyo huzivuta, na pKa hushuka hadi 7.15.

Vitenzi *kusukuma* na *kuvuta*, hata hivyo, havitoshi. Naitro ikihamishiwa nafasi ya 3, pKa huwa 8.4, ingawa sasa iko karibu zaidi na oksijeni. Sababu ni kwamba chaji husambaa hadi kaboni ya 2, ya 4 na ya 6, wala si ya 3. Hapo naitro huvuta tu. Katika nafasi ya 4 huvuta na pia *kupokea*. Makundi matatu ya naitro katika nafasi ya 2, 4 na 6 huunda asidi ya pikriki, yenye pKa ya takribani 0.4.

Inapendekezwa, basi, *nguvu* itumike kwa uasidi, na *ukali* uachiwe madhara kwa mwili. Suala hili si la wanaistilahi peke yao: mwanafunzi anayeambiwa kwamba fenoli ni asidi “isiyo kali” anaweza kuishika bila glavu.