Jik na Dawa ya Choo Hazikai Ndoo Moja

Choo kimegoma kung'aa. Jik imemwagwa, madoa ya manjano yapo palepale, basi msafishaji anachukua dawa ya choo na kuimimina juu yake: moja ikishindwa, mbili zitaweza. Haupiti muda, macho yanawasha, koo linabana, kikohozi hakikatiki.

Kinachofuka hapo ni gesi ya klorini. Jik, ambayo Kongo na Burundi huitwa javel kwa jina la kijiji kilichomezwa na jiji la Paris, ilikoanza kutengenezwa karne ya 18, ni maji yenye haipokloraiti ya sodiamu. Dawa nyingi za choo zina asidi, na hiyo asidi huifungulia klorini iliyofungwa ndani ya Jik. Ni gesi ileile ambayo jeshi la Ujerumani liliwapeperushia wanajeshi wa upande wa Ufaransa karibu na Ypres, Ubelgiji, tarehe 22 Aprili 1915. Chooni hutoka kidogo, lakini chumba chenyewe kidogo, na klorini ni nzito kuliko hewa. Hujilaza chini, alikoinama anayesugua. Siki na ndimu nazo ni asidi, jambo wasilolifikiria wanaoamini kwamba cha jikoni hakidhuru.

Aliyevuta gesi hiyo atoke nje mara moja, mlango auache wazi, na asirudi kuokoa brashi. Kifua kikiendelea kubana, ni safari ya hospitali.

La kuudhi ni kwamba hatari yote hiyo haina faida, maana dawa hizo mbili huharibiana nguvu. Madoa yale mara nyingi ni chokaa ya maji ya kisima, ambayo Jik haiiwezi hata ikimwagwa chupa nzima. Siki inaiweza, ila Jik isuuzwe yote kwanza: imwagwe, iachwe saa moja hivi, sehemu isuguliwe na kusuuzwa vizuri.

Kazi ya Jik ni kuua vijidudu na kung'arisha nguo nyeupe za pamba. Uchafu utangulie kuondolewa kwa sabuni na kusuuzwa, la sivyo Jik itamalizia nguvu zake kwenye tope. Kisha ichanganywe na maji baridi, kwani ya moto huivunjavunja, na iachwe sakafuni kama dakika 10 kabla ya kupiga deki. Iliyobaki ndooni imwagwe. Kesho itakuwa dhaifu.

Halafu kuna suala la chupa. Mitaani dawa za kupima na mafuta ya taa huuzwa kwenye chupa za soda au maji, na mtoto mwenye kiu hasomi lebo, hata ingekuwepo. Akinywa, asitapishwe: mafuta ya taa huingia mapafuni yakirudi juu, na dawa kali huunguza koo mara ya pili. Akimbizwe hospitali pamoja na chupa yenyewe, daktari aone alichokunywa.